Sanduku la Saiba

Saiba ya Ami ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea barabara kuu, si mbali na mzunguko wa Makupa. Kompyuta nane, feni moja ya ukutani, na daftari ambamo Ami aliandika saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa kalamu nyekundu. Bob moja kwa dakika. Juni 2009, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilipofika Mombasa kwa chini ya bahari na sherehe ikafanywa Fort Jesus, Ami alifurahi kama mtu aliyeozesha binti. Intaneti ya kasi imekuja, biashara sasa ndo itanoga. Haikunoga. Kasi ile ile ilikuja kuingia kwenye simu za watu, na nilipofika kidato cha pili, mwaka 2016, hakuna aliyekuwa radhi kulipa ili akae kwenye joto lile. Ami akafunga. Mashine hakuzitupa. Alizipanga stoo moja juu ya nyingine kama magunia ya mchele, na ukimuuliza alikwambia, "Chuma hakiozi, mwanangu." Anayeijua hewa ya chumvi ya Mombasa atacheka hapo.

Sanduku moja kati ya yale manane ndilo lililo mezani kwangu ninapoandika haya. Ndani yake nilijenga kompyuta ya gemu mwaka 2023, ya kwanza maishani mwangu, kwa shilingi 45,000. Wako wanaoandika mambo haya kwa orodha: prosesa hii, kadi hii, bei hii, kwisha. Orodha yangu ninayo na nitaitoa. Ila karibu kila kitu nilichokishika kilikuwa kishaishi maisha mengine kabla yangu, na kwa pesa kidogo namna ile nilijikuta sichagui nguvu tena. Nachagua historia, ile ambayo naweza kuiamini.

Pesa zenyewe hazikuwa zangu. Mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Alikuwa amepanga kubadilisha mabati ya jikoni. Nilimwomba anikopeshe, nikamwambia nitahariri video za harusi, nimlipe 3,000 kila mwezi, na mvua za vuli zikija kabla sijamaliza basi nitashika ndoo mwenyewe. Kuhusu gemu pia nilimwambia, lakini kwa sauti ndogo.

Manake gemu ndo ilikuwa niya. Mtaani kwetu kulikuwa na kumbi mbili za pleisteshoni. Kaka zangu waliingia na kutoka. Msichana akisimama mlangoni aliulizwa ametumwa na nani. Nilikua nikisikia FIFA kupitia ukutani, najua majina ya wachezaji kwa kelele tu. Kwa Ami nilikaribishwa, lakini kompyuta za Ami haziwezi gemu yoyote zaidi ya ile ya karata.

Kuna swali ambalo hakuna aliyewahi kunijibu dukani: kwa nini inawezekana kabisa kununua kompyuta vipande vipande? Huwezi kuchukua injini ya Toyota, gia ya Isuzu na bodi ya Nissan ukafunga gari sebuleni. (Najua kuna mafundi wa Makupa watakaobisha.) Simu pia huwezi. Kwa kompyuta jibu lina tarehe, 12 Agosti 1981, siku IBM walipotangaza PC yao. Timu ya Boca Raton, Florida, ilikuwa imepewa takriban mwaka mmoja tu, na kwa haraka hiyo haikutengeneza kila kitu yenyewe kama ilivyokuwa desturi ya kampuni. Prosesa walichukua ya Intel, 8088. Mfumo wa uendeshaji wakauchukua kwa Microsoft, ambao wakati ule walikuwa kampuni ndogo. Wakaacha nafasi tano za kuchomeka kadi, halafu wakachapisha kitabu cha ufundi kinachoeleza mashine ilivyofungwa, ili wengine watengeneze vitu vya kuchomeka humo.

Kilicholindwa kwa hakimiliki ni programu ndogo inayoiamsha mashine, BIOS. Compaq waliitafutia njia: waliopewa kazi ya kuiandika hawakuwa wameisoma ile ya IBM, walielezwa tu inatakiwa kufanya nini, wakaanza kutoka sufuri. Novemba 1982 Compaq wakatangaza mashine inayoendesha programu za IBM, na wengine wakafuata. Mlango haukufungika tena. Mwaka 1995 Intel wakatoa vipimo vya ATX: matundu ya skrubu yakae wapi, pawa saplai iwe na umbo gani, soketi zitokee upande upi. Mwaka 2005 IBM wenyewe wakawauzia Lenovo biashara yao ya PC na kuondoka kwenye nyumba waliyoijenga.

Sanduku la Ami lilikuwa rangi ya maziwa yaliyochacha, lina stika ya Pentium 4 mbele na kutu pembeni. Nilipima matundu ya skrubu kwa rula. Ni ATX. Mazabodi iliyotengenezwa miaka kumi na zaidi baada yake ingekaa pale bila kuulizwa. Ami aliponiona nalipangusa vumbi alisema, "Chukua hilo, na kibodi chukua, na ile mausi. Lakini ukitajirika usinisahau." Basi kesi, kibodi na mausi: sufuri.

Prosesa ndiyo iliyonipeleka Mwembe Tayari, kwa fundi mmoja mwenye kibanda kilichojaa mashine za ex-UK. Kama hujui, ex-UK ni jina tulilozipa kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, ziwe zimetoka Uingereza kweli au kwingineko. Napenda kuzisoma kabla ya kuziwasha. Ubavuni utakuta nambari ya mali ya ofisi fulani. Kwenye nyingine utakuta kibandiko cha kijani, alama ya kule Uingereza kwamba fundi amekikagua chombo na ni salama kwa umeme, pamoja na tarehe ya ukaguzi. Kibandiko hicho kinaniambia mengi kuliko muuzaji: mashine ilikuwa kazini bado mwaka gani, na mahali penye mtu wa kukagua. Kama una macho, hiyo ni shahada ya kuzaliwa.

Zinakuja kwa kontena, na kontena la Kilindini linalokwenda bara kwa barabara linapita puani mwa mtaa wetu. Makupa imekuwa mlango siku zote. Maji yalipokupwa watu walivuka hapa kwa miguu, na Wareno wakajenga vingome vya kulinda kivuko hicho. Mwaka 1589 Wazimba walivukia hapa kuingia kisiwani huku Wareno wakiushambulia mji kutoka baharini. Reli ya Uganda ilivukia hapa pia. Kisha likajengwa tuta lililoziba maji, na mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya ili maji yapite tena. Cha kuudhi ni kwamba vitu hupita hapa bila kusimama. Vinapanda Nairobi, vinafunguliwa huko, halafu vinaturudia kwa basi na bei juu.

Na bei mwaka ule ilikuwa na mbio. Kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini VAT ya asilimia 16 ipo, na shilingi ilikuwa yaanguka: dola moja ilikuwa kama shilingi 123 mwanzo wa 2023, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 155. Kila wiki niliyosema "nitafikiria" nilikuwa nalipia kufikiria huko.

Fundi alinionyesha Dell OptiPlex 7010, ile ndefu, ina Core i5-3470, kwa 12,000. "Dadangu, hino ndiyo kazi. Wachomeka kadi tu, wacheza." Na ni kweli, kwa watu wengi ningewaambia wachukue hiyo hiyo. Hata pawa saplai yake inabadilishika kwa ya kawaida, tofauti na 9020 iliyoifuata ambayo Dell walibadilisha plagi ikawa yao peke yao. (Jamani, miaka zaidi ya thelathini baada ya IBM kufungua mlango, mtu anarudi kufunga dirisha.) Lakini prosesa ile ni ya 2012. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 ilikuwa ishapangiwa mwisho wake, 14 Oktoba 2025. Deni la Mama ningelimaliza lini, na mashine ingezeeka lini? Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama pale pale, nikamwambia Fundi ahsante.

Nilichopata ni mazabodi ya B450 ikiwa na Ryzen 5 2600 juu yake, kutoka kwa mwanafunzi wa Tudor aliyekuwa akinunua kubwa zaidi. Prosesa hiyo ilitoka Aprili 2018: kiini sita, nyuzi kumi na mbili, wati 65 tu, na Windows 11 inaikubali. Soketi yake, AM4, AMD waliishikilia kwa miaka mingi kuliko kawaida, hata Ryzen za 5000 zikaja kukaa kwenye bodi nyingi za B450. Maana yake siku nikipata pesa nabadilisha prosesa tu. Yule kijana alikuwa na risiti, boksi, na mama aliyesimama nyuma yake akithibitisha kwamba mtoto hachezi sana. 13,500. Ram ya 16 nikaipata kwa 4,500. SSD nilinunua mpya, 480, kwa 4,000, kwa sababu diski iliyotumika ni kama mswaki uliotumika.

Hadi hapo utaniona mjanja. Ujanja wenyewe ulikuja baada ya kuliwa.

Kitu cha kwanza nilichokuwa nimenunua, kabla ya hayo yote, kabla hata ya kwenda stoo ya Ami, kilikuwa kadi ya grafiksi. GTX 1050 Ti ni kadi inayosifiwa na kila mwenye pesa kidogo, na kwa haki. Ilitoka Oktoba 2016, na inakula wati 75, kiasi kile kile ambacho nafasi ya PCI Express kwenye mazabodi inaweza kuitoa yenyewe, kwa hivyo nyingi hazihitaji waya wa ziada. Unaichomeka kwenye mashine ya ofisi na maisha yanaendelea. Nilipata moja kwa 7,500, bei ya chini, muuzaji tumekutana mtandaoni, tukaonana barabarani. Boksi jipya, plastiki haijatolewa. Nikafurahi.

Nilipoijaribu kwa Fundi, gemu ilifunguka, ikaganda, mashine ikajizima. Fundi akaitoa, akaigeuza, akanionyesha tundu la buluu. "Hino nini?"

"VGA," nikasema.

"Hadhi ya 1050 haina VGA, mwanangu."

Kweli haina. Kizazi kile cha Nvidia kiliacha kutoa picha ya analogi. Akaendesha GPU-Z, ambayo tangu 2018 inazitambua kadi za namna hii na kuziwekea alama ya bandia. Ndani ya nguo za 2016 kulikuwa na GTS 450, kadi ya Septemba 2010. Mtu alikuwa ameandika upya BIOS yake ili ijitambulishe kwa jina la mjukuu wake. Ukikumbuka Compaq, utaona ni ujuzi ule ule, programu ndogo ya kuamsha mashine imeandikwa upya, ila wale walitaka mashine ifanye kazi, huyu alitaka idanganye tu. Nambari ya simu ya muuzaji ilikuwa ishazimwa. 7,500 ni siku ngapi za mahamri? Sikutaka kuhesabu, lakini nilihesabu.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipanda tuktuk hadi Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, ili nisiulizwe maswali na Mama nikiwa na uso ule. Jioni shangazi alinituma dukani na nikapita Fort Jesus, Ngomeni kama tunavyopaita, na nikamkumbuka mwalimu wetu wa historia aliyetupeleka pale darasa la saba kuona mzinga wa Königsberg.

Kisa cha mzinga huo nilikuwa nimekisahau. Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikakimbilia ndani ya delta ya Rufiji na kukwama humo. Julai 1915 Waingereza waliipiga hadi ikawa haina kazi, na nahodha wake akaimaliza mwenyewe. Meli imekufa. Lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, na kwa miaka ya vita iliyofuata ikaburutwa nchi kavu na jeshi la von Lettow-Vorbeck kama mizinga ya kawaida. Chombo cha baharini kikafanya kazi porini kwa sababu kuna watu walioona kwamba kufa kwa meli si kufa kwa kila kilichomo. Na walioiburuta hawakuwa hao wenye majina. Nguvu ilikuwa ya Waafrika, askari na wapagazi, wengine wakalazimishwa, na wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu mengi. Jina Kariakoo pale Dar linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Sikusimama pale nikapata faraja, usifikirie hivyo. Nilichopata ni wazo la kazi. Wale hawakuuliza mizinga inaonekana vipi, walijua imetoka wapi na imefanya nini. Mimi nilikuwa nimenunua boksi.

Kwa hivyo kadi ya pili niliitafuta kinyumenyume, nikaanza na maisha yake. Mwaka mmoja kabla, 15 Septemba 2022, mtandao wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi. Kabla ya siku hiyo watu duniani walikuwa wamezinunua kadi kwa wingi, wakazipanga kwenye fremu na kuziendesha usiku na mchana kutengeneza sarafu. Ndiyo sababu mojawapo ya kadi kuadimika na bei kupaa miaka ya 2020 na 2021. Baada ya siku hiyo hazikuwa na kazi, zikaingia sokoni kwa mafungu. RX 580 ya AMD, ya Aprili 2017, ilikuwa kipenzi cha wachimbaji. Watu wanaziogopa kwa sababu hiyo, kama wanavyoogopa matatu iliyogeuzwa gari la nyumbani.

Mimi niliona hivi: kadi iliyochimba najua ilikofanya kazi na najua kinachochakaa. Feni huchakaa, dawa ya kupitisha joto hukauka, memori huchoka, na BIOS huenda ilibadilishwa. Vyote vinapimika. Mtego mwingine ni kwamba kuna RX 580 iliyopunguzwa, ya 2018, iliyolengwa soko la China, ambayo ina vichakataji 2048 badala ya 2304, na kwenye boksi jina ni lile lile. Hilo pia linasomeka kwenye GPU-Z. Binamu yangu anasoma Nairobi. Nilimtuma Luthuli Avenue na masharti: asilipe kabla ya kuona 2304, asilipe kabla ya jaribio la dakika thelathini, na simu ya video isikatike. Alikaa pale akinionyesha joto likipanda, 70, 76, 79, likasimama. Muuzaji alichoka na sisi. "Huyu dada yako ni CID?" akauliza. Binamu akamshusha hadi 10,000, ikaja kwa basi la usiku, ikavuka Makupa alfajiri. Nina hakika ilikuwa ishapita hapo mara moja kabla, ikiwa ndani ya kontena.

Sasa zilibaki 5,500, na pawa saplai ndipo nilipogombana na kila mtu. Kaka yangu mkubwa alisema chukua ya 2,000 imeandikwa wati 500, pesa inayobaki nunua taa za rangi. Niliishika hiyo ya 2,000. Nyepesi kama boksi la viatu. Chuma na shaba vina uzito, na wati za kwenye stika hazina. RX 580 peke yake inaweza kula wati 185, na stima ya mtaani kwetu ina tabia zake: inashuka, inapanda, inapotea na kurudi kwa kishindo.

Ukitaka kujua, stima ya kisiwa hiki nayo ilianza kama mtumba. Historia rasmi ya umeme Kenya inasimulia kwamba mwaka 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipata jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na hapo ikaanzishwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Miaka thelathini na mitatu baadaye! Hakuna kitu kwenye orodha yangu chenye umri huo kilipobadilisha mikono. Nampigia picha Jeevanjee akiizunguka ile mashine, akiuliza imekaa wapi, nani alikuwa akiitia mafuta. Mtu wa biashara hakosi kuuliza.

Nikanunua pawa saplai mpya yenye alama ya 80 Plus, wati 550, nzito mkononi, kwa 5,500. Taa za rangi sina mpaka leo. Hesabu ikakamilika: 7,500 za ujinga, 37,500 za kompyuta, na nauli ya kurudi nilimwomba Fundi.

Kufunga tulifungia kwenye kibanda chake kwa sababu kadi haikuingia. ATX inasema skrubu zikae wapi, haisemi kadi itakuwa na urefu gani, na enzi za Pentium 4 hakuna aliyewaza kadi ya sentimita 24. Kizimba cha diski kilikuwa njiani. Fundi akatoa msumeno wa chuma, akakikata, halafu akatoboa mbele tundu la feni, kisha akapaka rangi ya kuzuia kutu pale alipokata. Kwa kazi hiyo alikataa pesa. Alisema anataka kuona mwisho wake.

Ijumaa, 25 Agosti 2023, nikaichomeka kwenye TV ya sebuleni, manake skrini sina. Iliwaka mara ya kwanza. Nilikuwa katikati ya kuweka Windows, asilimia sitini na kitu, saa nne kasorobo usiku, na kila kitu kikazimika. Nikadhani ni mimi. Wallahi nilinusa hewa nikitafuta harufu ya kuungua. Kisha nikasikia mtaa mzima ukiguna, nikatoka barazani. Giza Makupa, giza Majengo, na darajani taa za malori tu zikitambaa. Simu ya kaka ikaanza kuleta habari: si mtaa, si kisiwa, ni karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Mama alikaa pembeni yangu gizani akauliza, "Imeharibika?" Nikamwambia sijui. Hakusema lolote kuhusu mabati.

Usiku ule sikulala. Stima iliporudi ilirudi na kile kishindo chake, jokofu likalia, balbu ya jikoni ikapasuka. Nilihesabu hadi mia mbili ndipo nikabonyeza. Feni ya pawa saplai ikazunguka, nembo ikatokea, na Windows ikaniomba nianze upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gemu ya kwanza niliyoweka haikuwa FIFA. Ilikuwa Euro Truck Simulator 2, ni ya 2012, nyepesi, na bei yake huteremshwa mara kwa mara. Baba aliendesha lori miaka mingi, Mombasa hadi Malaba na ng'ambo yake, mpaka kazi zilipopungua. Alikuja akasimama nyuma ya kochi na kikombe chake cha chai, akaniona nikishuka mlima kule Ujerumani na tela la tani ishirini.

"Mbona wapita kulia?"

"Ulaya ndo hivyo, Baba."

Akanyamaza kidogo. "Rudisha gia. Usikanyage breki mteremko wote, utazichoma."

Nikarudisha gia. Akazunguka akaketi, akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono kuomba kibodi. Mama akatokea jikoni na kitambaa mkononi, akatuangalia sote wawili, akaangalia TV yake.

"Na harusi ya kwanza ni lini?"

"Jumamosi, Mama."

"Haya. Mumalize hiyo safari upesi, nataka taarifa ya habari."